Usichague jina la shahada, soma ratiba ya mwaka wa tatu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimemaliza sekondari. Hisabati naiweza, fizikia si mbaya. Nimeruhusiwa kuchagua moja kati ya shahada tatu: uhandisi mitambo, mekatroniki au uhandisi wa viwanda. Baba anasema mitambo ndiyo mama yao wote. Binamu yangu anayesoma kompyuta anasema mitambo ni fani ya kizamani, nichukue mekatroniki. Mimi sijawahi hata kufungua injini, na naogopa kukaa darasa moja na vijana waliokulia gereji. Nimesoma orodha za masomo nikaambulia majina tu: statiki, thermodainamiki, mekanika ya giligili. Ndani yake kuna nini? Na nifanye nini kabla masomo hayajaanza?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na hofu ya gereji, maana ndiyo nyepesi kuliko zote lakini imebeba kosa kubwa. Shahada ya uhandisi mitambo haikufundishi kutengeneza injini. Fundi mzuri husikiliza mlio akajua vali gani imeharibika. Mhandisi huulizwa mapema zaidi, injini yenyewe ikiwa bado haijazaliwa: vali hii iwe na unene gani, iwe ya chuma gani, itafunguka na kufunga mara ngapi kabla haijachoka? Ni kazi mbili zinazohitajiana, ila mtihani wa chuo hutungwa kutoka hiyo ya pili.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao vijana unaowaogopa. Niliingia mwaka wa kwanza nikiwa naweza kushusha giaboksi peke yangu, na katika jaribio la kwanza la statiki nikapata alama ambazo nyumbani sikuzitaja. Swali lilikuwa la mtu aliyepanda ngazi iliyoegemea ukuta laini. Nilichora ngazi vizuri, nikachora ukuta, sakafu, hata viatu vya yule mtu. Mwalimu alitaka mstari mmoja na mishale mitano: uzito wa ngazi, uzito wa mtu, msukumo wa ukuta, msukumo wa sakafu, na msuguano unaozuia ngazi isiteleze. Basi. Msichana aliyeketi mbele yangu, ambaye naamini hakuwahi kushika spana, alipata zote.

Hiyo mishale ndiyo statiki nzima. Unakitenga kitu na dunia yote, kila kilichokuwa kinakigusa unakigeuza mshale, kisha unadai mishale isawazike: jumla ya nguvu iwe sifuri, jumla ya nguvu za kuzungusha nayo iwe sifuri. Somo linaonekana jepesi mpaka ukutane na kreni yenye viungo kumi. Dainamiki inalifuata, na huko jumla si sifuri tena, kwa hiyo kitu kinabadili mwendo, na wewe unatafuta kitakuwa wapi baada ya sekunde mbili. Anayeshindwa kutenga kitu na kukichorea mishale hatatoka salama katika somo lolote la baadaye, nasi walimu tunalijua hilo tangu wiki ya sita.

Sasa majina yaliyobaki. Shahada hizo tatu hushirikiana karibu kila kitu katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya mwaka wa pili: kalkulasi, aljebra ya vekta na matriki, milinganyo tofautishi, fizikia, michoro ya kihandisi, programu za kompyuta, karakana, statiki na dainamiki. Ndiyo maana vyuo vingi humruhusu mwanafunzi kuhama kutoka moja kwenda nyingine mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Kiulize chuo chako kama kinaruhusu. Wakisema ndiyo, nusu ya wasiwasi wako imekwisha.

Somo ambalo kwangu ndilo moyo wa fani huitwa nguvu za maada. Usiliamini jina, lifanyie jaribio. Chukua rula ya plastiki, ilaze bapa ukingoni mwa meza, nusu yake ining'inie, kisha ibonyeze nchani. Inapinda kama jani. Isimamishe sasa kwa ubavu, ubonyeze kwa nguvu ileile. Haipindi kiasi cha kuonekana. Plastiki ni ileile, uzito ni uleule. Kilichobadilika ni mkao. Ukakamavu wa boriti hufuata upana wake mara kimo chake kikipigwa kwa chenyewe mara tatu. Rula yenye upana wa milimita 30 na unene wa 3, ikilala, inatoa 30 mara 27, yaani 810. Ikisimama ni 3 mara 27,000, yaani 81,000. Ni mara 100 kamili. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini boriti za chuma za majengo zina umbo la herufi I: chuma kimesukumwa juu na chini, mbali na katikati, kwa sababu katikati hakina kazi kubwa. Tena urefu una hesabu yake. Boriti iliyoshikwa upande mmoja ukiirefusha mara mbili, ncha yake itashuka mara 8 ya ilivyoshuka awali kwa mzigo uleule.

Ndani ya somo hilo, au katika la usanifu wa mashine linalolifuata, utakutana na habari ya uchovu wa chuma, na hapo nakuomba usikae nyuma ya darasa. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya kichwa cha treni ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na abiria wengi wakafa. Ekseli hiyo haikuwa imebebeshwa mzigo uliozidi kipimo. Ilikuwa imezunguka mno. Kila mzunguko, upande uliokuwa ukivutwa unageuka kuwa upande unaobanwa, kisha tena, na tena, mpaka ufa mdogo usioonekana ukakua. Mjerumani August Wöhler alitumia miaka ya 1850 na 1860 kuzungusha ekseli ndani ya mashine za majaribio, akihesabu ni mizunguko mingapi zinavumilia kwa kila mzigo. Mchoro uliotokana na kazi ile bado tunaufundisha. Ungedhani baada ya hapo dunia imejifunza. Mwaka 1954, Januari na Aprili, ndege mbili za abiria za aina ya Comet zilivunjikavunjika angani. Wachunguzi wa Uingereza waliichukua ndege nzima ya aina ile, wakatia kiwiliwili chake ndani ya tangi la maji kule Farnborough, wakawa wanaijaza shinikizo na kulitoa, mara elfu kwa elfu, kama vile inaruka na kutua. Mwishowe kikapasuka. Nyufa huanzia kwenye pembe za matundu yaliyokatwa katika bati la ndege, mahali ambapo mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila kipande kidogo cha eneo, hujikusanya. Tangu siku nilipofundishwa hayo, kila nionapo pembe kali katika mchoro wa mwanafunzi kalamu nyekundu inatoka yenyewe.

Thermodainamiki ni hadithi ya joto na kazi, na sifa yake ya ugumu imezidishwa. Ugumu wake si hesabu, maana hesabu zake ni za kawaida kabisa. Ugumu ni kuamua unazungumzia nini: mvuke ulio ndani ya silinda, au silinda pamoja na pistoni, au mtambo mzima? Ukikosea mpaka huo, kila jibu litakuwa safi na la uongo. Zawadi yake ni kwamba inakupa ukomo ambao hakuna fundi wala tajiri anayeweza kuuvuka. Sadi Carnot, Mfaransa ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, aliuonyesha mwaka 1824. Tuseme mtambo unapokea joto kwa nyuzi 627 za Selsiasi na kulitupa kwenye mazingira ya nyuzi 27. Kwa kipimo cha Kelvini (unaongeza 273) hizo ni 900 na 300. Gawa 300 kwa 900, toa katika 1: theluthi mbili. Hata mashine isiyo na msuguano hata chembe haitageuza zaidi ya theluthi mbili ya joto hilo kuwa kazi. Siku atakapokujia mtu na injini inayovuka hapo, hutahitaji kuifungua ili ujue anakudanganya.

Giligili ni jina la pamoja la vimiminika na gesi. Mekanika yake inakueleza kwa nini ukipunguza kipenyo cha bomba kwa nusu, na bado ukataka maji yaleyale yapite kwa utulivu, pampu itadaiwa shinikizo mara 16. Inakueleza pia utulivu huo unaishia wapi. Osborne Reynolds aliuonyesha mwaka 1883 kwa kupitisha rangi nyembamba kama uzi ndani ya maji ya bomba la kioo: mwendo ukiwa mdogo uzi unanyooka, ukizidi unavurugika na kutapakaa. Namba inayobeba jina lake, inayolinganisha nguvu ya mwendo na unata wa giligili, ambayo kwenye bomba hugeuka mambo ikiwa karibu 2,300, utaiota usiku. Uhamishaji joto unakuja mwaka wa tatu kama mtoto wa masomo hayo mawili. Sayansi ya maada inaeleza chuma kimejengwaje ndani, na ina mambo ya kushangaza: chuma cha pua ni kikakamavu karibu mara tatu kuliko alumini, lakini ni kizito karibu mara tatu vilevile, kwa hiyo kilo kwa kilo vinakaribiana. Mtu akikwambia ndege ni za alumini kwa sababu alumini ni kakamavu, mwombe aeleze upya.

Karakana na michoro nitapita haraka. Utakereza chuma, utachomelea, utapima kwa kalipa, utagundua kwamba milimita 20 kamili haipo duniani. Ipo 20 pamoja na kiasi cha kukosea kinachoruhusiwa, na kadiri kiasi hicho kinavyopungua ndivyo gharama inavyopanda. Vijana wa gereji watakutangulia hapa kwa wiki chache. Waache watangulie, uwaombe wakuonyeshe.

Tuje kwa binamu yako. Neno mekatroniki lilibuniwa Japani mwaka 1969 na Tetsuro Mori, mhandisi wa kampuni ya Yaskawa, kwa kuunganisha mekanika na elektroniki. Ni fani halali na nzuri. Unachukua kifaa kinachosogea, unakitia vihisi vya kujua kiko wapi, mota za kukisukuma, na kompyuta ndogo ya kuamua. Ila wazo lililo katikati yake, la mashine kujipima na kujirekebisha, ni la enzi za mvuke. James Watt alifunga kidhibiti mwendo kwenye injini zake mwaka 1788: vichuma viwili vinavyozunguka, injini ikienda kasi vinatanuka na kubana njia ya mvuke, ikipunguza kasi vinashuka na kuifungua. Baadhi ya vidhibiti vya aina hiyo vilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Badala ya mwendo kutulia, ulipanda na kushuka bila kukoma. James Clerk Maxwell aliueleza ugonjwa huo kwa milinganyo mwaka 1868. Hesabu za ukoo uleule, ziitwazo nadharia ya udhibiti, ndizo zinazozuia ndege isiyo na rubani isiyumbeyumbe na mkono wa roboti usitetemeke unapofika kwenye shabaha. Kwa hiyo mitambo si ya kizamani kama anavyodhani, na mekatroniki si mpya kama anavyodhani.

Wasiwasi wangu juu ya mekatroniki si fani, ni baadhi ya shahada zinazouzwa kwa jina hilo. Nyingine ni imara. Nyingine ni sahani ya kuonjaonja: umeme kidogo, mashine kidogo, programu kidogo, na mwisho wa yote hakuna unachoweza kukokotoa mpaka mwisho. Kuna njia rahisi ya kuzitenganisha. Chukua ratiba ya mwaka wa tatu na wa nne, uhesabu masomo ambayo majina yake yanaanza na "Utangulizi wa". Mwaka wa kwanza utangulizi ni haki. Mwaka wa tatu, ukikuta matatu au manne, kuna jambo. Kisha tafuta kama kuna somo zima la nadharia ya udhibiti lenye hesabu zake, somo zima la mitetemo au dainamiki ya mashine, na usanifu wa mashine. Likikosekana la udhibiti, hiyo si mekatroniki hata kama mlangoni kuna picha ya roboti.

Ukaguzi huohuo ufanye na kwenye mitambo. Shahada ya mitambo ya leo isiyo na udhibiti, isiyo na vipimo vya kielektroniki na isiyomfundisha mwanafunzi kuandika programu imebaki nyuma kweli, na hapo binamu atakuwa na haki. Nyingi zinafundisha pia mbinu ya kukata umbo katika vipande maelfu ili kompyuta ikokotoe mkazo wa kila kimoja. Inatoa picha za rangi za kupendeza sana. Nimeona wanafunzi wakizichapisha kwa wino ghali bila kujua kwamba walisahau kuifunga boriti ukutani, na kwamba programu ilikuwa inawaonyesha boriti inayoelea.

Uhandisi wa viwanda ndio unaodharauliwa na wasioujua. Hauulizi kama chuma kitavunjika. Unauliza kwa nini kazi imelala. Kuna kanuni moja ya huko, iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961, fupi ajabu: idadi ya vitu vilivyomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Karakana inapokea vipande 10 kwa saa na humo ndani vimelala 40, basi kila kipande kinakaa kwa wastani saa 4, hata kama kazi yenyewe juu ya mashine ni dakika 20. Muda uliobaki ni foleni. Kijana aliyeelewa hilo anaweza kuokoa kiwanda fedha nyingi kuliko mimi na usanifu wangu wote. Hesabu zake ni za uwezekano, takwimu na upangaji, na mtu anayeukimbilia uhandisi huu akidhani ni njia ya kukwepa hisabati hupata mshtuko. Jiulize kwa unyoofu: unapoona foleni ndefu, unachukia tu, au unaanza kuhesabu ingepangwaje? Kama ni la pili, baba na binamu wote wamekosea juu yako.

Uhandisi wa anga, wa magari, wa meli, wa nishati na wa vifaa tiba umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya msingi huuhuu, ukiongezewa masomo ya kazi husika. Karibu yote unaweza kuyafikia kwa shahada ya pili ukitokea mitambo. Kurudi nyuma, kutoka shahada iliyobanwa kwenda iliyo pana, ni kugumu zaidi. Kwa sababu hiyo, kwa mtu ambaye bado hajajua anapenda nini, naegemea upande wa baba yako, ingawa sababu yake na yangu si moja. Yeye anaona ukuu wa fani. Mimi naona kwamba utapata miaka miwili zaidi ya kujijua kabla hujajifunga. Lakini kama umewahi kukesha ukiandika programu kwa raha yako mwenyewe, na ratiba ya mekatroniki imepita ukaguzi niliokupa, ichukue bila kuomba radhi kwa mtu.

Kuna jambo moja linalotangulia yote haya, nami nimelichelewesha makusudi ili usilisahau: hakikisha shahada hiyo imeidhinishwa na chombo kinachosajili wahandisi mahali utakapofanya kazi. Si chuo kiwe kimeidhinishwa, shahada yenyewe. Kuna pia makubaliano ya kimataifa, maarufu yakiwa Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ulioanzishwa na vyombo vya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Ayalandi, kisha wengine wakajiunga. Wanachama wanatambua shahada za uhandisi walizoidhinishiana. Hautoi leseni ya kazi moja kwa moja, ila unakuondolea mlolongo mrefu wa kuthibitisha ulisoma nini. Soma kwa makini pia kama shahada ni ya "uhandisi" au ya "teknolojia ya uhandisi". Hii ya pili huwa na vitendo vingi na hesabu chache, inaajirika vizuri, lakini kuna nchi ambako haikufikishi kwenye usajili wa mhandisi kamili. Na muda uuangalie. Mahali pengi ni miaka 4. Barani Ulaya, tangu mageuzi ya Bologna, makubaliano ya nchi za Ulaya ya kulinganisha shahada zao, yaliyoanza 1999, mara nyingi ni 3 ya shahada ya kwanza na 2 ya uzamili, na huko waajiri wengi huitazama ile ya 3 kama nusu ya safari.

Umeuliza ufanye nini kabla masomo hayajaanza. Usinunue kitabu cha thermodainamiki, utakichukia bure. Rudia vekta mpaka uzigawe kwa mlalo na wima bila kufikiri. Rudia kalkulasi ya msingi. Jifunze lugha moja ya programu, yoyote, kiasi cha kuweza kuchora grafu ya rula inayopinda. Halafu fungua kitu kimoja kilichoharibika, pampu ya baiskeli au kufuli, ukichore kila kipande kwa mkono na vipimo vyake.

Na vipimo hivyo viandike pamoja na vizio vyake, kila mara, hata pale unapojiandikia mwenyewe. Septemba 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa msukumo kwa kizio cha pauni na nyingine ikausoma kama nyutoni. Pauni moja ya nguvu ni karibu nyutoni 4.45. Ukinipa jibu la mtihani lisilo na kizio, mimi huwa nakata alama mbili kati ya tano, na bado hakuna aliyefaulu kunishawishi kwamba nazidisha.